Wasomaji wa Dakika Sita

Mimi Lamara, mkata tiketi wa kigari cha waya
hapa Chiatura, mji uliochimbwa tumbo hadi mbavu.
Kila Jumatatu nabandika ukurasa mmoja
kando ya dirisha la kushoto, kwa gundi ya unga.
Kutoka mtoni hadi mtaa wa juu ni dakika sita.
Abiria hana pa kukimbilia. Nikasema: huyu ni wangu.

Nilikosea.
Mtu aliyefungiwa aweza kutazama viatu vyake
dakika sita nzima, akashuka ameridhika.
Yupo mmoja, mchimbaji mstaafu, viatu vyake
amevisoma mpaka vimeisha soli.

Wiki ya kwanza niliandika historia ya waya:
unene, uzito, kiwanda, mwaka.
Nilipata msomaji mmoja, nzi,
naye alianzia mwisho.

Mpwa wangu Tornike, aliyesomea biashara Kutaisi,
alinishika bega kama daktari mwenye majibu mabaya.
Nikamwambia, kizuri chajiuza.
Akacheka: "Shangazi, hayo aliyasema
mwenye duka lililofungwa.
Weka kichwa chekundu. Weka namba. Watekenye."

Nikaandika: MAMBO MATANO USIYOYAJUA KUHUSU KUTU.
Wawili walisoma. Mmoja akaniuliza la tano liko wapi.
Karatasi ilikuwa imeniishia.

Basi nikaandika: MKATE WA NANI UMEPUNGUA UZITO?
Sikutaja jina. Lakini waokaji tunao wawili,
na mmoja wao kila mtu anajua ni mkweli.
Wiki hiyo watu walipanda bila safari,
juu, chini, juu tena,
sitini na wanne kabla ya saa sita mchana.
Tornike alinibusu kwenye paji la uso.

Jumanne akapanda Guliko na kapu lake.
Alisoma polepole, midomo ikitembea,
kisha akatazama mikono yake, nyeupe hadi kwenye viwiko.
Akashuka. Hakuniaga.
Na unga wa gundi yangu, miaka yote hii,
yeye ndiye aliyekuwa akinipa. Bure. Kwenye bakuli la bluu.

Niliomba radhi kwa herufi kubwa kuliko zile za kashfa.
Wasomaji: kumi na mmoja.
Radhi haina wateja.
Gundi nikanunua dukani; ilinuka samaki.

Baada ya hapo niliacha kupiga kelele, nikaanza kuuliza.
Unataka kujua nini? Nikamuuliza muuza dawa,
nikamuuliza fundi wa viatu, nikauliza kwenye foleni ya gesi.
Mjane wa ghorofa ya nne: maji yatarudi lini?
Nikaenda kwa wenye maji, nikakaa hadi wakachoka na uso wangu,
nikaandika siku na saa. Yakarudi siku ile, saa nyingine.
Mtoto mmoja alitaka jina la mbwa alalaye ngazini.
Niliuliza watu sita, nikapata majina sita.
Nikayaandika yote, nikatundika penseli kwa uzi.

Penseli ikaibwa. Nikatundika ya pili.
Ikaibwa. Ya tatu ikakaa.
Jina la saba likatokea, kwa mwandiko wa kutetemeka,
chini yake mtu akaandika "uongo",
na pembeni mwalimu fulani akanisahihishia tahajia.
Niliuangalia mstari ule mwekundu kama barua ya posa:
hakuna anayesahihisha asichokisoma.

Jumatano hii bakuli la bluu lilikuwa mlangoni pangu.
Sikuliona likiletwa.

Na leo asubuhi ukurasa haupo.
Pembe nne tu zimeng'ang'ania gundi,
sanduku la sarafu halijaguswa.
Nilikata tiketi, nikafunga mlango, tukaanza kupanda.
Watu saba wakatazama zile pembe, kisha mimi.
Yule wa viatu akakohoa, akainua kichwa:
"Sasa, Lamara. Ilikuwa inasemaje?"